Usione Vyaelea, Vimeundwa: Ufungashaji Usio Rasmi wa Programu ya Madokezo katika Linux

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayekusanya data nyanjani, mtafiti wa fasihi simulizi anayenakili ngano kutoka kwa fanani, na mhadhiri anayeandaa mihadhara yake wana haja moja inayowaunganisha: pahali pa kuhifadhi madokezo. Zamani pahali hapo palikuwa daftari. Siku hizi, aghalabu, pamekuwa programu ya tarakilishi ambamo madokezo hupangwa kwa mada, hutafutwa kwa neno moja tu na hunakiliwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Hata hivyo, programu haifiki kwenye tarakilishi kwa miujiza. Yupo mtu aliyeikusanya, akaipanga, akaifunga na kuiandalia njia ya kusakinishwa. Wahenga hawakukosea waliponena: usione vyaelea, vimeundwa.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kifurushi kisicho rasmi cha programu ya madokezo kinavyojengwa kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux. Mfano mkuu utakaorejelewa ni programu ya Joplin. Hoja inayotetewa ni kwamba mfungashaji asiye rasmi ni mtu wa kati baina ya mwandishi wa programu na mtumiaji, na kwamba kazi yake huaminika pale tu ambapo kila hatua aliyoipiga inaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Nia njema peke yake haitoshi.

2. Kifurushi ni nini?

Linux ilianza mwaka 1991 wakati Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, alipotoa kiini cha mfumo endeshi. Kiini hicho peke yake hakimfaidi mtumiaji wa kawaida. Kinahitaji kuunganishwa na programu nyingine nyingi ili kuunda mfumo kamili. Mifumo ya namna hiyo ni mingi: Debian ilianzishwa mwaka 1993, Arch Linux ikatoka mwaka 2002, na Ubuntu, iliyojengwa juu ya msingi wa Debian, ikatoka mwaka 2004. Kila jamii ya mifumo ina mtindo wake wa kufunga programu. Debian na Ubuntu hutumia mafaili yenye tamati ya .deb, Fedora na jamaa zake hutumia .rpm, ilhali Arch ina utaratibu wake tofauti.

Kifurushi, basi, ni faili moja linalobeba mafaili ya programu pamoja na maelezo yanayouwezesha mfumo kuyaweka pahali panapostahiki. Mtu akilifungua faili la .deb atakuta sehemu tatu. Ya kwanza ni faili dogo linalotaja toleo la muundo wenyewe. Ya pili ni bunda la udhibiti, lenye jina la kifurushi, toleo, aina ya mashine, jina la mtunzaji na orodha ya programu nyingine zinazotegemewa. Ya tatu ni bunda la data, ambamo mna programu yenyewe. Katika bunda la udhibiti mnaweza pia kuwa na hati ndogo za maagizo zinazotekelezwa kabla au baada ya usakinishaji. Hati hizi hutekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo. Kwa maneno mengine, anayesakinisha kifurushi cha .deb humkabidhi mfungashaji funguo za nyumba nzima. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani ndiko uzito wote wa mada hii uliko.

3. Kwa nini kifurushi kisicho rasmi?

Joplin ni programu ya madokezo ambayo msimbo wake asilia uko wazi kwa umma. Madokezo yake huandikwa kwa mtindo wa Markdown, huhifadhiwa katika hifadhidata ya SQLite kwenye tarakilishi ya mtumiaji, na yanaweza kulandanishwa na vyombo vingine kupitia huduma kama vile Nextcloud, Dropbox au OneDrive. Isitoshe, inaweza kuyafumba madokezo kwa usimbaji ili mwenye seva asiweze kuyasoma.

Kwa watumiaji wa Linux, waandishi wa Joplin hutoa faili la aina ya AppImage. Faili hili hubeba karibu kila kitu kinachohitajika na huendeshwa bila kusakinishwa. Uzuri wake ni kwamba faili moja huweza kutumika katika mifumo mingi. Hata hivyo, lina vikwazo vyake. Kwanza, kidhibiti cha vifurushi cha mfumo hakilitambui, kwa hiyo halisasishwi pamoja na programu nyingine. Pili, AppImage nyingi zilijengwa kwa kutegemea maktaba iitwayo libfuse2, nayo Ubuntu 22.04 ya mwaka 2022 ilitoka bila kuisakinisha maktaba hiyo tangu mwanzo. Mtumiaji alibofya faili, pasitokee lolote. Tatu, Ubuntu 24.04 ya mwaka 2024 iliweka masharti makali zaidi kuhusu jinsi programu zinavyojitengea eneo la usalama, na programu nyingi zilizojengwa kwa Electron zikakataa kufunguka zilipoendeshwa kama AppImage.

Katika mazingira kama hayo ndipo hujitokeza mtu wa kujitolea anayesema: mimi nitakifunga kifurushi kinachoafiki mfumo wetu. Hakuajiriwa na waandishi wa programu, wala hakutumwa nao. Ndiyo maana kazi yake huitwa isiyo rasmi. Neno hilo halina maana ya haramu wala duni. Maana yake ni kwamba dhamana ya kifurushi haiko mikononi mwa mwandishi wa programu.

4. Hatua za ujenzi

Hatua ya kwanza ni kupata msimbo asilia wa toleo mahususi. Mfungashaji hachukui tu kilichopo siku hiyo. Huteua toleo lililotiwa alama na waandishi wenyewe, kisha hurekodi alama ya uhakiki ya faili alilolipakua. Alama inayotumika sana ni ile ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64. Herufi moja ikibadilika katika msimbo, alama nzima hubadilika. Kwa hiyo, mtu mwingine akipakua faili lilo hilo mwezi ujao anaweza kuthibitisha kwamba analo lile lile.

Hatua ya pili ni kuandaa zana. Joplin imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa lugha ya TypeScript, na toleo lake la tarakilishi ya mezani hukaa juu ya Electron. Electron ilianza mwaka 2013 katika kampuni ya GitHub kwa jina la Atom Shell, na ikapewa jina lake la sasa mwaka 2015. Huunganisha kivinjari cha Chromium na Node.js ili programu iliyoandikwa kwa teknolojia ya wavuti iweze kujitegemea kama programu ya mezani. Mfungashaji huhitaji Node.js, kidhibiti cha maktaba kiitwacho Yarn, pamoja na kompaila ya lugha ya C++.

Msomaji anaweza kuuliza: kompaila ya C++ ya nini ikiwa programu imeandikwa kwa TypeScript? Jibu ni kwamba baadhi ya viungo, hasa kile kinachozungumza na hifadhidata ya SQLite, vimeandikwa kwa lugha zilizo karibu na mashine. Viungo hivyo lazima vitafsiriwe upya ili vilingane barabara na toleo la Electron linalotumika. Kukiwa na hitilafu ya ulinganifu hapa, programu hufunguka na kufunga papo hapo, au hukataa kufunguka kabisa. Wafungashaji wanagenzi hukwama hapa mara nyingi.

Hatua ya tatu ni kuzikusanya maktaba zinazotegemewa. Programu ya aina hii hujengwa juu ya mamia ya maktaba ndogo ndogo zilizoandikwa na watu mbalimbali. Amri moja tu huzipakua zote kutoka mtandaoni. Wepesi huo una hatari yake, kwani kinachopakuliwa leo huenda kisiwe kitakachopakuliwa kesho. Kwa sababu hiyo, Debian hairuhusu ujenzi wa vifurushi vyake utegemee mtandao. Flathub nayo, ambayo ni hazina ya vifurushi vya Flatpak, hutaka kila maktaba itajwe mapema pamoja na alama yake ya uhakiki, kisha ujenzi ufanyike bila mtandao. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapo ndipo mfungashaji makini anapojitenga na mlipuaji.

Hatua ya nne ni kuyapanga mafaili. Linux ina desturi kuhusu kila kitu kinapokaa. Programu yenyewe huwekwa katika saraka kama vile /opt au /usr/lib, amri ya kuifungulia katika /usr/bin, na picha yake ya utambulisho chini ya /usr/share/icons. Huandikwa pia faili fupi lenye tamati ya .desktop ambalo huifanya programu ionekane katika menyu. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kumfurahisha. Faili hilo huruhusu jina na maelezo ya programu kuandikwa kwa lugha nyingi. Mfungashaji akiongeza mstari unaoanza kwa Comment[sw], mtumiaji ambaye mfumo wake umewekwa katika Kiswahili anaweza kuonyeshwa maelezo ya Kiswahili, hata kama mwandishi wa programu hakuiwazia lugha hiyo.

Hatua ya tano ni kuandika faili la udhibiti. Hapa hutajwa maktaba za mfumo ambazo programu haiwezi kuendeshwa bila hizo. Kwa programu za Electron, miongoni mwazo ni GTK ya tatu na maktaba ya usalama ya NSS. Toleo nalo huandikwa kwa uangalifu. Katika desturi ya Debian, kinachotangulia kistari cha mwisho ni toleo la mwandishi wa programu, na kinachofuata ni toleo la mfungashaji. Kwa hiyo 3.0.1-2 husomeka hivi: programu ni ya 3.0.1, na huu ni ufungaji wake wa pili. Kistari hicho kidogo hutenganisha kauli mbili, ya mwandishi na ya mfungashaji, ili kosa la mmoja lisibebeshwe mwingine.

Hatua ya sita ni majaribio. Kifurushi hujaribiwa katika mfumo safi, si katika tarakilishi ya mfungashaji. Tarakilishi yake imejaa zana na maktaba alizozisakinisha wakati wa ujenzi, na hivyo huficha upungufu. Kifurushi kinachofanya kazi kwa aliyekijenga tu bado hakijafanya kazi.

5. Pale msimbo unapofungwa

Si kila programu ya madokezo iko wazi kama Joplin. Kwa miaka mingi kampuni ya Notion ilitoa programu za mezani za Windows na macOS pasipo toleo rasmi la Linux. Kwa kuwa programu hizo zimejengwa kwa Electron, watu wa kujitolea waligundua njia: walilichukua faili la Windows au la macOS, wakafungua bunda la ndani liitwalo app.asar, wakaondoa viungo vilivyotafsiriwa kwa ajili ya mfumo mwingine, wakaweka vya Linux, kisha wakaifunga upya juu ya Electron ya Linux.

Kiufundi, njia hiyo inawezekana. Kisheria na kimaadili, ina utata. Msimbo uliofungwa ni mali ya kampuni, na uwezo wa kulifungua bunda haumpi mtu ruhusa ya kuligawa. Kwa hiyo wafungashaji waangalifu hawagawi programu yenyewe. Hugawa maagizo tu. Katika Arch Linux, faili la maagizo hayo huitwa PKGBUILD, na hazina inayoyahifadhi, AUR, imekuwapo tangu mwaka 2005. Tarakilishi ya mtumiaji ndiyo inayopakua programu kutoka kwa mwenyewe na kuijenga hapo hapo. Tofauti iliyopo ni sawa na ile iliyopo kati ya mtu anayegawa nakala za kitabu cha mwenzake na yule anayeeleza namna ya kukijalidi.

6. Haki na jina

Wahenga walisema: mgala muue na haki yake mpe. Leseni ya Joplin ya toleo la mezani ni AGPL, toleo la tatu, iliyotolewa mwaka 2007 na Wakfu wa Programu Huria. Leseni hii humruhusu mtu yeyote kutumia, kubadilisha na kugawa programu, kwa sharti kwamba anayegawa aambatishe leseni, aonyeshe mabadiliko aliyoyafanya na autoe msimbo asilia. Kwa hiyo mfungashaji wa Joplin haombi ruhusa ya kuigawa, lakini ana deni la uwazi.

Haki ya msimbo na haki ya jina ni vitu viwili. Mfano ulio wazi ni wa kivinjari cha Firefox. Mnamo mwaka 2006 palizuka mvutano baina ya Mozilla na Debian kuhusu matumizi ya jina na nembo ya Firefox kwenye kivinjari ambacho Debian ilikuwa imekifanyia marekebisho yake. Debian ikakibadili jina, kikaitwa Iceweasel, na kikaendelea kuitwa hivyo hadi mwaka 2016 jina la Firefox liliporejeshwa. Funzo lake ni bayana. Anayeigusa kazi ya mwingine na kuigawa kwa jina la mwenyewe huwafanya watu wamdhanie mwenyewe kuwa ndiye mtenda. Ndiyo maana neno lisilo rasmi halina budi kuandikwa katika maelezo ya kifurushi, pamoja na anwani ambako malalamiko yapelekwe. La sivyo, waandishi wa programu watalaumiwa kwa makosa wasiyoyatenda.

7. Amana na hatari zake

Historia ya ufungashaji ina visa vinavyoonyesha kwamba hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2006, katika kifurushi cha Debian cha OpenSSL, ambayo ni programu ya usimbaji, iliondolewa mistari michache iliyokuwa ikisababisha maonyo kutoka kwa zana ya ukaguzi. Hapakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichangia ubahatishaji wa funguo za siri. Kosa hilo lilipobainika mwezi Mei 2008, ilidhihirika kwamba kwa takriban miaka miwili funguo zilizozalishwa katika mifumo hiyo zilitokana na hali 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi ambayo tarakilishi huimaliza kwa muda mfupi.

Visa vingine vilikuwa na nia mbaya. Mwezi Julai 2018, kifurushi cha kusomea mafaili ya PDF kilichokuwa kimeachwa bila mtunzaji katika AUR kilichukuliwa na mtu mwingine, akatia ndani yake maagizo hasidi. Mwezi Julai 2025, vifurushi kadhaa vilivyojifanya kuwa vivinjari vilivyoboreshwa viliwekwa katika hazina iyo hiyo vikiwa na programu ya kuitawala tarakilishi kutoka mbali. Viliondolewa baada ya takriban siku mbili.

Kisa kilichotikisa wengi zaidi ni cha mwezi Machi 2024. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali katika Linux, ilipatikana njia ya siri ya kuingilia mifumo. Mhandisi Andres Freund aliigundua baada ya kushuku ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye tarakilishi kwa mbali. Linalowahusu wafungashaji ni hili: kipande muhimu cha maagizo hasidi kilikuwamo katika bunda lililotolewa kwa ajili yao, lakini hakikuwamo katika hazina ya wazi ya msimbo. Waliolinganisha mawili hayo wangeona tofauti. Wengi hawakulinganisha.

Visa hivi vinatofautiana kwa nia, lakini vinafanana kwa jambo moja. Penye pengo baina ya kilichoandikwa na kilichosakinishwa, kosa au hila hupata maficho. Tiba yake ni kuliziba pengo. Tangu mwaka 2013, wanajumuiya wa Debian wamekuwa wakiendeleza juhudi za ujenzi unaorudufika, yaani ujenzi ambapo watu wawili wanaotumia msimbo mmoja na zana zile zile hupata kifurushi kinachofanana hadi biti ya mwisho. Hilo likifanikiwa, mtumiaji halazimiki tena kuliamini neno la mfungashaji, kwa sababu anaweza kukijenga kifurushi mwenyewe na kulinganisha.

8. Mwanafunzi wa Kiswahili na suala hili

Huenda ikadhaniwa kwamba mambo haya ni ya wanasayansi wa tarakilishi pekee. Dhana hiyo ina upungufu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na leseni iliruhusu. Kilichohitajika ni istilahi, na istilahi ni kazi ya wanaisimu.

Pili, mtafiti anayehifadhi mahojiano ya wazee au siri za watoa habari wake katika programu ya madokezo amepewa amana. Amana hiyo haiishii kwenye nywila. Huanzia kwenye swali la nani alikifunga kifurushi alichokisakinisha. Kabla ya kusakinisha kifurushi kisicho rasmi, ni vyema ajiulize mambo manne: je, maagizo ya ujenzi yako wazi? Je, msimbo unatoka kwa mwandishi mwenyewe, na alama ya uhakiki imetajwa? Je, mtunzaji wake bado yupo na anajibu malalamiko? Na je, mabadiliko yote yameorodheshwa? Aidha, anapaswa kuweka nakala rudufu ya madokezo yake kabla ya kubadilisha kifurushi, kwani toleo jipya la programu huweza kuubadili muundo wa hifadhidata kwa namna ambayo toleo la zamani haliwezi kuusoma.

9. Hitimisho

Makala haya yameeleza maana ya kifurushi, sababu za kuwapo kwa vifurushi visivyo rasmi, hatua za ujenzi wake, na haki na hatari zinazoambatana nazo. Imebainika kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo si kuandika programu, bali ni kuisafirisha kazi ya mwingine bila kuiharibu na bila kuificha njia iliyopitia. Wasomi wa lugha wanaifahamu nidhamu hiyo. Mhariri wa miswada ya kale hutaja nakala aliyoitumia, huonyesha mahali aliposahihisha, na hatii neno lake kinywani mwa mtunzi. Mfungashaji wa programu naye hudaiwa yayo hayo, na mtumiaji ana haki ya kumdai.